Faili la rangi mbili limetoa pleti sita: tatizo liko kwa mbunifu au kiwandani?

#1 MbunifuWaTanga
Habari wanajukwaa. Nimebuni kisanduku cha viungo kwa mjasiriamali wa hapa Tanga anayefungasha karafuu na iliki. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kazi iwe ya rangi mbili tu, yaani kijani cha Pantone 349 C na dhahabu ya Pantone 871 C (Pantone ni mfumo wa kuzipa rangi za wino nambari), ili gharama ya pleti, yaani bamba la kuchapia la kila rangi, na ya kupitisha karatasi mashineni ibaki ndogo. Nimetumia programu ya kuchora ya Illustrator na nikatuma PDF kwenye kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam. Wamenijibu kwamba faili linatoa pleti sita: sayani, majenta, njano, nyeusi, kisha zile mbili nilizokusudia, na wamenipa bei ya pleti sita.

Kwenye skrini yangu kila kitu ni kijani na dhahabu, isipokuwa msimbopau na maandishi madogo ya nyuma ambayo ni meusi. Naomba kuelimishwa: hizo pleti nne zimetoka wapi? Swali la pili ni dogo. Kwa nini dhahabu ikiwa kwenye skrini inaonekana kama kahawia iliyopauka?

#2 FundiPleti
Ndugu, kabla hatujafika mbali, wewe mwenyewe umeshaitaja rangi ya tatu. Msimbopau mweusi na maandishi meusi yanahitaji pleti ya nyeusi, hivyo hata faili lingekuwa safi kabisa lingetoa pleti tatu na si mbili. Unaweza kuviweka vyote katika kijani cha 349, kwa sababu visomaji vingi vya msimbopau hutumia mwanga mwekundu, na kijani kilichoiva huonekana cheusi mbele ya mwanga huo. Usithubutu kuuchapa msimbopau kwa dhahabu, kwa maana dhahabu hurudisha mwanga, na kisomaji cha dukani kitababaika.

Kuhusu sayani, majenta na njano, kubahatisha hakusaidii. Fungua dirisha la kukagua mtengano wa rangi katika Illustrator au katika Acrobat ya kulipia, uzime pleti zote, kisha uwashe moja moja. Kitakachobaki kwenye skrini wakati umewasha sayani peke yake ndicho mkosaji wako.

#3 MzeeWaGTO
Vijana wa siku hizi mnaziita pleti sita kama jambo la kwenye kompyuta tu. Katika Heidelberg GTO 52 ya rangi moja, ambayo ndiyo mashine iliyowalea wachapaji wengi wa ukanda huu, pleti sita maana yake ni kupitisha karatasi ileile mara sita, na baina ya kila rangi na nyingine rola zioshwe mpaka ziwe nyeupe. Karatasi nayo hunywa maji ya mashine na unyevu wa hewa, ikatanuka kidogo kila inapopita, hata rangi ya mwisho isikae mahali pake. Kwa hiyo kiwanda hakikuonei kikikutajia bei kubwa.

Maoni yangu ni kwamba umetumia ile nyeusi ya alama za kulenganisha (misalaba ya pembeni ya kuzipanga rangi zikae sawa), ambayo katika orodha ya rangi hukaa karibu na nyeusi ya kawaida na kwenye skrini haitofautiani nayo hata kidogo. Rangi hiyo hujiandika katika kila pleti. Mtu akiandika anwani ya kampuni kwa rangi hiyo, anwani itatokea kwenye pleti zote.

#4 Wino_River_Road
Shikamoo Mzee. Hoja yako ina nguvu, lakini naona maelezo mengine yaliyo mepesi zaidi. Mbunifu anapohifadhi PDF na kuchagua alama za kukatia na za kulenganisha ziwekwe pembeni, alama hizo huwekwa kwa rangi hiyohiyo unayoisema, na hivyo hutokea katika pleti zote hata kama ndani ya kazi hakuna tone la sayani. Mhudumu wa kiwanda akihesabu pleti kwa kutazama orodha tu, bila kufungua kila moja, ataona sita. Hapa Nairobi nimeshuhudia mteja akipelekewa hesabu ya pleti ambazo hazikuwa na kitu ila misalaba ya pembeni.

Mleta uzi, je, uliweka alama hizo?

#5 MbunifuWaTanga
Ahsanteni sana. Ndiyo, niliweka alama za kukatia. Maandishi nimeyakagua na ni nyeusi ya kawaida, siyo ya kulenganisha. Sina Acrobat ya kulipia, nina ile ya kusomea tu, lakini dirisha la mtengano ndani ya Illustrator nimelipata na ninalikagua usiku huu.

#6 BintiUsanifu
Mimi namshuku mtu ambaye hamjamtaja. Mnakumbuka kwamba Novemba 2022 Adobe, wenye Illustrator, waliondoa vitabu vingi vya Pantone, yaani orodha zake za rangi, katika programu zao, na anayevitaka sasa anatakiwa kulipia huduma ya Pantone Connect. Vilivyobaki ni vitabu vitatu: kile cha rangi za metali kwa karatasi iliyopakwa (yenye uso laini usionyonya wino), na viwili vya rangi nne, kimoja cha karatasi iliyopakwa na kingine cha isiyopakwa. Sasa tazameni kazi ya huyu ndugu. Dhahabu 871 C imo katika kitabu cha metali, kwa hiyo aliipata bila shida. Kijani 349 C hakimo. Mbunifu asiyekipata huenda kwenye kitabu kilichobaki cha rangi nne, akachagua kijani kinachofanana, nacho kina neno PANTONE mwanzoni mwa jina na herufi C mwishoni, lakini kwa asili yake ni mchanganyiko wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Huyo ndiye mzazi wa pleti nne.

Ukweli kwamba 349 C pia imo kwenye orodha ya kiwanda hauvunji hoja yangu. Huenda nembo ililetwa na mteja ikiwa na 349 C ya zamani, na mapambo mengine yakapakwa rangi kutoka kitabu kipya.

#7 Nasser_Kampala
Kwa hiyo siku hizi mtu hawezi kabisa kutumia Pantone bila kulipia? Hapa Nasser Road watu wameambiana hivyo, na wengine wameacha kukubali kazi za rangi maalumu, yaani zenye wino uliochanganywa tayari na pleti yake yenyewe.

#8 FundiPleti
Hapana, ndugu yangu wa Kampala, hilo si sahihi. Kinacholipiwa ni kitabu ndani ya programu, na jina la rangi huzuiwi kulitumia. Tengeneza rangi mpya, ichague kuwa rangi maalumu, iandike jina lake kama linavyotakiwa, kwa mfano PANTONE 349 C, kisha uipe thamani yoyote ya kuonekana inayokaribiana na kijani hicho. Mashine ya kutengeneza pleti haijali kijani chako kwenye skrini kinafananaje. Inasoma jina na asilimia ya wino katika kila sehemu, basi. Wino wenyewe utachanganywa na binadamu kwa kufuata fomula iliyo katika kitabu cha karatasi.

Angalizo moja: jina liwe lilelile herufi kwa herufi. Nembo za miaka ya nyuma huja na jina PANTONE 349 CVC au 349 CV, na programu ikikuta 349 C na 349 CVC katika faili moja inahesabu rangi mbili na kutoa pleti mbili za kijani kilekile. Nafasi moja ya ziada kati ya maneno inatosha kuleta balaa hilo. InDesign ina dirisha la kusimamia wino ambamo unaweza kuliunganisha jina moja na jingine, lakini ni bora kuzifuta rangi pacha mapema na kubaki na moja.

#9 Karatasi_Laini
Naongezea kwa FundiPleti kwamba 349 C na 349 U nazo ni wino mbili tofauti, kwa hiyo mbunifu achague kulingana na karatasi, la sivyo kiwanda kitachanganya wino usio wake.

#10 MzeeWaGTO
Hapo umeteleza, mwanangu. Wino ni mmoja na fomula ni ileile. Herufi C inaonyesha jinsi wino huo unavyoonekana juu ya karatasi iliyopakwa, na U juu ya karatasi isiyopakwa kama bondi. Karatasi isiyopakwa hunywa wino, rangi ikafifia au ikageuka kidogo, ndiyo maana katika kitabu kurasa mbili za nambari moja hazifanani. Fungua 185 C uilinganishe na 185 U utaona nyekundu mbili, ilhali kopo ni moja.

Ila ni kweli kwamba kompyuta inayaona majina hayo mawili kuwa wino wawili, kama alivyoeleza FundiPleti.

#11 Karatasi_Laini
Nimesahihishwa, Mzee, ahsante. Basi na hao waliotunga kitabu wangetuhurumia.

#12 MamaLebo
Mimi ninashughulika na visanduku na lebo kila siku, na nashangaa hakuna aliyeuliza kuhusu mstari wa kukatia kisanduku. Wabunifu wengi huuchora mstari wa kisu kwa majenta kamili na ule wa kukunja kwa sayani kamili, kwa sababu ndivyo walivyoviona katika violezo vya kupakua mtandaoni. Ukifanya hivyo umeshaziita pleti mbili bila kujua, na mbaya zaidi mistari itachapwa kwenye kisanduku.

Utaratibu unaofaa ni kuutengenezea mstari huo rangi maalumu yake yenyewe, uipe jina linaloeleweka kama KISU, uiweke katika tabaka la pekee, na uiamuru ichapie juu ya rangi nyingine bila kuzitoboa. Usipoiamuru hivyo, mstari utatoboa kijani kilicho chini yake, na kisu kikisogea hata nusu milimita kisanduku kitakuwa na uzi mweupe ukingoni. Kiwanda kitatumia pleti hiyo kutengenezea kisu na hakitaichapa. Vanishi ya kung'arisha sehemu fulani nayo huandaliwa vivyo hivyo. Kwa wanaokata stika kwa mashine za Roland jina si la hiari: lazima liwe CutContour, herufi kubwa na ndogo zikae hivyo hivyo, ama mashine itauchapa mstari badala ya kuukata.

Kuhusu dhahabu kuonekana kahawia, usiogope. Wino wa dhahabu una chembe za metali, mchanganyiko wa shaba na zinki, na mng'ao wake hutokana na chembe hizo kulala juu ya karatasi na kurudisha mwanga. Skrini haina chembe hizo, kwa hiyo inakuonyesha rangi ya msingi tu. Printa ya ofisini nayo itakutolea kahawia hiyohiyo, basi usimpelekee mteja nakala ya namna hiyo atie sahihi. Kiombe kiwanda kipake wino halisi kwenye kipande cha ubao uleule wa kisanduku. Na ubao uwe uliopakwa, kwa sababu juu ya karatasi inayonyonya chembe huzama na dhahabu ikafanana na tope.

#13 Wino_River_Road
MamaLebo amesema vyema, nami naongeza kwamba chembe hizo huchubuka. Visanduku vinavyosuguana ndani ya katoni kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza vitafika na dhahabu imehamia kwa jirani, kwa hiyo bajeti iwe na vanishi au lamineti. Wapo watakaokushauri uachane na wino huo na utumie dhahabu ya kubandika kwa joto. Inapendeza zaidi, lakini inadai kibati chake na hatua yake ya pekee, na sioni kama inamfaa mjasiriamali anayeanza.

#14 Mchora_Kanga
Nimefurahi kuona uzi huu, kwa maana sisi wa nguo tumeishi na rangi maalumu tangu zamani. Kanga haichapwi kwa rangi nne za kuchanganya. Kila rangi ya pindo na ya mji ina skrini yake, na mchoraji hujua mapema kwamba ana rangi tatu au nne za kuchezea, hivyo hawazi vivuli wala mipito. Nadhani wabunifu wa karatasi wangefundishwa kwanza kuchora kanga ndipo wafungue Illustrator.

Tahadhari yangu ni moja. Msichukue nambari za Pantone za nguo mkazipeleka kwa mchapaji wa karatasi. Nambari yenye tarakimu sita na herufi TCX, kama 19-4052 TCX iliyotangazwa kuwa rangi ya mwaka 2020, ni ya kitambaa cha pamba, na haina fomula ya wino wa ofseti.

#15 BintiUsanifu
Mchora_Kanga, usituonee, vivuli navyo ni sanaa. Lakini umenikumbusha kumuuliza mleta uzi: je, kuna kivuli nyuma ya nembo? Kivuli cha Illustrator huja kikiwa cheusi, na kikiangukia juu ya rangi maalumu kisha faili likahifadhiwa kwa kiwango cha PDF/X-1a, ambacho hakiruhusu uwazi (rangi kuonyesha kilicho chini yake), programu hulazimika kuyeyusha kivuli na kijani kuwa picha moja. Kama chaguo la kuhifadhi rangi maalumu limezimwa, picha hiyo hutoka katika rangi nne. PDF/X-4 huuacha uwazi ulivyo, na ningeshauri kiwango hicho iwapo kiwanda kina vifaa vya kukisoma.

#16 MbunifuWaTanga
Nimerudi na majibu. Nilipowasha majenta peke yake nimeona mistari ya kukatia kisanduku, kama MamaLebo alivyotabiri. Nyeusi ina msimbopau, maandishi na kivuli cha nembo. Sayani na njano zina tawi la mkarafuu lililo upande wa mbele. Jambo linalonitatiza ni kwamba katika faili langu la asili nikiligusa tawi hilo linaonyesha PANTONE 349 C, ilhali katika PDF waliyonirudishia kiwandani limekuwa la rangi nne.

#17 Nasser_Kampala
PDF *waliyokurudishia*? Basi kesi imegeuka. Huku kwetu ni kawaida mhudumu kufungua PDF ya mteja ndani ya CorelDRAW ili azipange kurasa kwenye karatasi kubwa, kisha akaihifadhi upya, na katika safari hiyo rangi maalumu hugeuzwa kuwa rangi nne. Linganisha PDF uliyoituma na hiyo uliyorudishiwa. Kama huna Acrobat ya kulipia, programu ya Ghostscript ni ya bure na inaweza kutoa picha moja kwa kila pleti, zikiwemo za rangi maalumu.

#18 CorelMilele
Kila kosa likitokea hukosi kusikia Corel, Corel. Programu hiyo inahifadhi rangi maalumu vizuri kabisa iwapo anayehifadhi hakuigusa sehemu ya kugeuza rangi. Na mbona hamjauliza tawi lilichorwa wapi? Kama ni picha ya Photoshop iliyo ndani ya kundi moja na umbo la kijani, ukiligusa kundi utaona jina la rangi ya umbo, na picha yenyewe itakuwa na sayani na njano zake kimyakimya.

#19 FundiPleti
CorelMilele ana hoja, na kama ni picha kweli dawa ipo. Igeuze iwe ya kijivu tupu, ihifadhi, iweke ndani ya Illustrator, kisha uipake 349 C kutoka orodha ya rangi. Itakuwa na vivuli vyote vya kijani kwa asilimia tofauti za wino mmoja. Ukitaka na dhahabu iingie ndani ya picha, tumia picha ya rangi mbili ya Photoshop, lakini hapo uliza pembe za vitone, vile vidogo vinavyounda picha iliyochapwa. Mifumo mingi huipa kila rangi maalumu nyuzi 45 bila kuuliza, na rangi mbili zenye vitone vya pembe moja zikipandana huleta mawimbi yasiyopendeza. Kijani kikibaki katika 45, nyingine ipewe 75 au 15.

Kuhusu nani alikosea, PDF mbili zinasimama mbele yetu na mimi nimeona maelezo ya moja tu.

#20 MamaLebo
Mimi bado naamini kiwanda kilipaswa kupiga simu kabla ya kutoa bei. Mtu akiagiza rangi mbili na faili likatoa sita, mhudumu makini anajua kuna kasoro. Hata hivyo mistari ya majenta na kivuli cheusi ni vya mbunifu, na hivyo havihitaji mpelelezi.

Kisha usisahau kingo. Kijani kinapokutana na dhahabu, kimojawapo kiingie chini ya kingine kidogo, kwa sababu hakuna mashine isiyotikisika. Kwa kawaida rangi hafifu ndiyo hupanuliwa kuelekea ile iliyoiva, lakini wino wa metali hauonyeshi kilicho chini yake, hivyo mimi hupanua kijani kiingie chini ya dhahabu, na dhahabu huchapwa mwisho.

#21 MzeeWaGTO
Mwisho? Mimi dhahabu huianza. Inahitaji muda wa kukauka, na ikichapwa juu ya kijani kibichi haishiki sawasawa, mng'ao unapungua.

#22 MamaLebo
Mzee, hiyo ni kwa mashine ya rangi moja ambapo karatasi inalala usiku kucha kabla ya rangi ya pili. Katika mashine ya rangi mbili zinazofuatana papo hapo, ukiianza dhahabu, rola ya kijani itaizoa na kuichafulia wino. Mleta uzi aulize kwanza kazi yake itapita kwenye mashine gani, ndipo apange kingo.

#23 MzeeWaGTO
Itategemea na wino ni wa nani na karatasi ni ipi. Nimeshapitisha dhahabu kwanza katika mashine ya rangi mbili na haikuzolewa.

#24 MbunifuWaTanga
Nimepiga simu. Ni ya rangi mbili. Mhudumu anasema wao dhahabu huiweka popote mteja anapotaka, na PDF niliyoituma mwanzoni hawanayo tena. Ninatengeneza faili upya: msimbopau na maandishi katika 349 C, mstari wa kisu katika rangi yake, kivuli nimekiondoa, tawi nalichora upya kwa mistari bila picha. MamaLebo, huo upana wa kijani kuingia chini ya dhahabu uwe kiasi gani kwa ubao wa kisanduku?